Tablo ya Chumba cha Eda

Mnaniuliza, ninyi vijana mliobaki sentrali ya umeme, mtu anajuaje kwamba tablo ya nyumba, ule ubao wa kugawia umeme, imechoka na inafaa kung'olewa. Swali ni zuri. Mimi mwenyewe nimechoka kuliko tablo yoyote niliyowahi kuing'oa, na hakuna aliyekuja kunikagua. Lakini sasa nakaa nyumbani, mgongo umekataa ngazi na macho yamekataa waya nyembamba, kwa hiyo nitawaandikia ninayoyakumbuka. Mambo ya kupandishwa cheo nayaacha. Yalikuwa machache, na hayakuwasha taa ya mtu.

Nilitoka Wamaza nikiwa kijana wa misheni, najua kusoma, kuandika na kuimba sauti ya pili. Nilifika Kasongo kwa miguu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupangusa mafuta kwenye moteri ya sentrali. Moteri ile iliwashwa jua linapotua, kwa ajili ya nyumba za Wazungu, ofisi na hospitali, na ilizimwa watu wanapokwenda kulala. Mchana kuran, yaani umeme, haikuwako kabisa. Siku ya kwanza ilipoanza kunguruma nilitoka nje mbio, nikapita bustani ya muzungu, nikasimama barabarani. Watu wa sentrali walicheka hadi wakakaa chini. Wakanipa jina la Mukimbiaji. Mpaka leo kuna wazee sokoni wanaoniita hivyo, na watoto wao wanadhani zamani nilicheza mpira.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kitenge, fundi aliyepitia reli ya Kindu kabla ya kuletwa kwetu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye hasira ya asubuhi iliyodumu hadi jioni. Mikono ya pinsi yake, koleo ya kushikia waya, aliizungushia mpira wa ndani wa baiskeli, tabaka juu ya tabaka, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata muzungu wa moteri. Aliponipeleka mara ya kwanza kwenye nyumba ya watu, mimi nilikimbilia turnevis ya kufungulia skrubu. Akanipiga kibao cha mkononi.

“We mutoto, unafungua nini? Umeisha kuinusa?”

Nilidhani ananitania. Wapi! Alisogeza pua kwenye tablo, polepole, kutoka chini kwenda juu, kama mke anayenusa shati la mume aliyechelewa kurudi. Kisha akaweka mgongo wa mkono juu ya mbao, akatulia. Kisha akatega sikio.

“Pua kwanza,” akasema. “Halafu mugongo ya mukono, halafu sikio. Turnevis njo ya mwisho. Turnevis haina akili.”

Mgongo wa mkono, kwa sababu kuran ikikukamata vidole vinajikunja vyenyewe. Ukigusa kwa kiganja utakumbatia kile kinachokuua. Ukigusa kwa mgongo wa mkono utarushwa ukutani, na ukutani mtu huamka. Hayo aliniambia bila huruma, na alinionyesha ukuta.

Kuhusu pua ni lazima niwaeleze vizuri, kwa sababu ninyi mnavuta sigara mno na pua zenu zimekufa mapema. Tablo za wakati ule zilikuwa ubao tu, na juu yake plombi, ile waya ndogo ndani ya kaure inayokatika kuran ikizidi. Baadaye zikaja na vipande vya bakeliti, kile kitu cheusi kigumu ambacho hata leo mnakifungia waya. Bakeliti ikipata moto, kabla macho hayajaona alama yoyote, hutoa harufu ya samaki. Si moshi, jamani. Samaki, tena wa jana. Kitenge aliweka kipande juu ya bomba la moshi la moteri, akaniambia nifumbe macho. Nikamuuliza nani anapika. Alicheka siku ile, na sikumbuki kama alicheka tena.

Baadaye nilipelekwa Kabambare, ambako kituo cha serikali kilikuwa na moteri ndogo yenye kukohoa. Barabara ile mnaijua, na wakati ule ilikuwa mbaya vilevile. Nilifunga tablo mpya nyuma ya baiskeli, na kila mto nilioukuta mimi ndiye niliyeibeba baiskeli. Kule ndiko nilikojifunza jambo la vitambaa. Makarani walipopewa kuran, wake zao waliona tablo ni kitu kibaya cha kuwekwa sebuleni, mbele ya wageni. Wakaifumia vitambaa vya maua, wakaivika. Vilikuwa vitambaa vizuri kweli, na vilificha kila kitu. Kwenye nyumba moja taa zilikuwa zinashuka kila mama alipochomeka pasi, naye karani akaja kunilaumu kwamba moteri yetu haina nguvu. Nikaenda, nikatazama kile kitambaa. Maua ya juu yalikuwa yamegeuka rangi ya chai.

“Kitambaa iko ya zamani,” mama akasema.

“Na maua ya chini, mbona meupe?”

Alitazama kitambaa, akamtazama mumewe, akaenda mwenyewe kuichomoa pasi.

Basi, kama mnataka alama, ndizo hizo. Taa zikishuka pasi inapochomekwa, waya inayoingia ni nyembamba kwa nyumba hiyo. Plombi ikikatika mara moja, badilisheni plombi. Ikizoea kukatika, nyumba imekua na tablo imebaki mtoto. Na mkikuta plombi haikatiki kamwe, hapo ogopeni zaidi, maana kuna mtu ametia msumari mahali pake. Kila nyumba niliyoingia waliniambia niweke plombi kubwa zaidi ili wapate amani. Plombi kubwa juu ya waya nyembamba ni kumziba mgonjwa mdomo ili asilie. Muzungu na karani waliomba vilevile, kwa maneno yaleyale. Katika hilo hapakuwa na ubaguzi. Inabidi kuanzia kwenye nguzo: waya nene hadi ndani, tablo mpya, taa ziwe na njia yao na prizi za kuchomekea pasi ziwe na yao. Nimeyasema maneno haya mara nyingi hata mke wangu anaweza kuyasema akiwa anachambua mchele.

Nilirudishwa Kasongo wakati serikali ilipoanza kuruhusu waya zivuke toka upande wa Wazungu kuingia mjini, kwa wafanyabiashara wakubwa. Mmoja wa hao wa kwanza alikuwa Mzee Ramazani, muuza vitambaa na mchele, mtu wa familia ya zamani ya Waislamu wa pale. Kitenge ndiye aliyemfungia tablo, muda mfupi kabla hajaacha kazi. Alibishana naye asubuhi nzima. Kitenge alitaka tablo iwekwe barazani. Mzee Ramazani alitaka iwe chumbani kwake, karibu na kitanda, pamoja na funguo za duka, ili yeye mwenyewe ndiye aamue nyumba izimike saa ngapi. Mwenye nyumba alishinda, na kila jioni alizima kuran kwa mkono wake, kwa madaha.

Mwanzoni nyumba ile ilikuwa na taa chache na redio. Miaka ikapita. Ikaja pasi, ikaja vantilateri ya kupepea, likaja resho, lile jiko la waya la kuran. Kila kitu kilipokuja, mpwa fulani au jirani fulani aliunganisha waya juu ya waya, akafunga kwa kitambaa. Sisi wa sentrali hatukuitwa. Watu humwita fundi wakati wa giza. Kukiwa na mwanga hawamkumbuki.

Halafu Mzee Ramazani akafa, ghafla, akiwa dukani. Nyumba ikajaa wageni wa matanga. Taa zikaongezwa uani, na resho likawa linawaka kila jioni, birika la kahawa halishuki. Kabla ya arobaini, mdogo wake marehemu alikuja kuniita. Jina lake Amisi. Alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye kuongea huku amekushika bega. Alitaka nimfungie taa nyingine uani, kwa sababu ya kisomo.

Nilikwenda alasiri. Kwanza nilizunguka nje, nikatazama waya inapoingia ukutani. Nguo iliyofunika ile waya ilikuwa inapukutika nikiigusa, na chokaa juu ya tundu imekuwa ya kahawia. Nikamwambia Amisi kwamba siongezi taa hata moja mpaka nione tablo.

“Haiwezekani,” akasema. “Mama Zaina iko mu eda, na tablo iko mu chumba yake.”

Mimi ni Mkristo, lakini nimekaa mjini vya kutosha. Mjane wa Kiislamu anakaa ndani mpaka muda wake utimie, na mwanamume wa nje hamwoni. Na moja ya sababu za eda ni kujua kama marehemu ameacha mimba. Kama ameacha, urithi haugawiwi mpaka mtoto azaliwe. Basi sikubishana. Nikauliza tu, kama nilivyofundishwa.

“Jioni, kuran ikiwaka, mule chumbani kuna harufu?”

“Harufu ya nini?”

“Ya samaki.”

Amisi alinitazama. Kisha uso wake wote ukafunguka, akacheka, mtu mwenye matanga, akanishika mabega yote mawili.

“Ah, fundi! Nani alikuambia? Siri ya nyumba imefika mpaka sentrali!”

“Siri gani?”

“Mama Zaina anasikia harufu ya samaki kila siku. Na samaki haiko mu nyumba hii, tumeikataza. Hata majirani tumewaomba wasikaange. Anasikia tu! Na wamama wanasema iko dalili zingine.” Akashusha sauti, akaniinamia sikioni. “Kaka yangu ameacha mutu.”

Mjue kwanza habari ya watu hawa. Mzee Ramazani na mkewe, Mama Zaina, ambaye Zaina ni jina lake mwenyewe, walikaa miaka mingi bila mtoto. Walizunguka kwa waganga, hospitali ya misheni na walimu wa dua. Ndugu walimwambia aoe mke mwingine, na dini ilimruhusu, naye akakataa, akasema mke anaye. Sasa amekufa, na mrithi mkubwa ni Amisi. Mtoto akizaliwa, hasa wa kiume, fungu la Amisi linaweza kuyeyuka lote. Na yule mtu alikuwa anacheka mbele yangu kwa furaha, machozi yamemlenga. Nimeona ndugu wengi wakati wa urithi. Sijaona mwingine kama yule.

Nasema wazi, nilitaka kuchukua mfuko wangu niende zangu, nyumba nyingine, mji mwingine. Kazi ya kuran ina uchovu wa mikono na uchovu wa ngazi, huo mtauzoea. Uchovu wa siku ile ulikuwa mwingine. Nilijaribu kupita pembeni. Nikamwambia waya ya nje ni mbovu, inafaa nianze nje na nimalizie ndani, kazi ya siku moja.

“Tutafanya eda ikiisha,” Amisi akasema.

“Haiwezi kungoja, bwana.”

“Imengoja miaka yote, itashindwa kungoja miezi?”

Basi nikamweleza habari ya bakeliti. Nilimweleza taratibu, kama mtu anayetembea na kikombe kilichojaa. Nilipofika kwenye samaki, mikono yake ilitoka mabegani mwangu.

“Unasema ni tablo.”

“Nasema inaweza kuwa tablo.”

“Na inaweza kuwa mutoto.”

“Inaweza kuwa vyote viwili,” nikasema. Nilisema hivyo kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu nilimpenda.

Shangazi yao, Bi Salima, kikongwe aliyekuwa anakaa na mjane usiku na mchana, alikuwa amesikia kutoka mlangoni. Alitoka nje akiwa na hasira.

“Niko naye kila saa, mimi sisikii harufu yoyote! Huyu muongo ametoka wapi?”

Alikuwa na kijaluba cha ugoro mkononi, na pua yake ilikuwa ya kahawia kuliko ile chokaa ya ukutani. Nyuma yake, kutoka ndani, harufu ya ubani wa jana ilikuwa inatoka mlangoni. Walikuwa wanafukiza kuanzia magharibi hadi kulala, kwa ajili ya marehemu na kwa ajili ya kumpumzisha mjane na ile harufu. Kichefuchefu chake walikitibu kwa ubani, na ubani ukafunika moto. Wageni wote waliopita mule walisikia ubani tu. Mtu mmoja ndiye aliyelala na kuamka kichwa chake kikiwa chini ya ile tablo, na alipowaambia, walimpongeza.

Amisi alikwenda kwa mwalimu wa msikiti. Mwalimu akasema penye hatari ya moto mlango unafunguliwa, mradi mjane ahamishwe chumba cha pili na awekewe pazia. Kesho yake asubuhi nikaingia na vyombo vyangu. Walikuwa wamemhamishia chumba cha akiba, na mlangoni wakatundika shuka. Chumba chake kilikuwa safi, mkeka, msahafu, chetezo cha ubani. Tablo ilikuwa juu ya kichwa cha kitanda. Nikainusa, na ingawa kuran ilikuwa imezimwa tangu usiku, mbao zilikuwa bado zimeishika ile harufu. Nikachutama kidogo, mkono kwenye mfuko wa vyombo.

“Fundi.”

Sauti ilitoka nyuma ya shuka, ya chini, ya mtu asiyetaka kusikika nyumba nzima.

“Mama. Pole na msiba.”

“Nimekwisha kupoa. Hiyo kitu yako inatoa harufu wakati gani?”

“Kuran ikiwaka, mama. Magharibi.”

“Na asubuhi?”

“Asubuhi kuran haiko.”

Nilimsikia Bi Salima akikohoa kule ndani, akisema maneno ya haraka haraka, kwamba mimba nyingine husumbua jioni tu, yeye mwenyewe ya kwanza ilimsumbua jioni. Mama Zaina aliendelea kuongea na mimi.

“Ile siku moteri yenu iliharibika, muji wote ukawa giza, mimi sikusikia kitu. Mpaka asubuhi. Nikawaza, leo mutoto amelala.”

Mimi nina watoto, nao walinichosha kama watoto wanavyochosha wazazi, na pale nilipochutama niliona haya kuwa nao.

“Ukiiacha?” akauliza.

“Nyumba itaungua, mama. Si kesho labda. Lakini itaungua, na wewe uko ndani.”

“Na ukiitoa?”

Hakuwa anauliza habari ya nyumba, na mimi nilijua.

“Kama harufu inatoka kwa mtoto,” nikasema, “haitaisha.”

Nilisikia kijaluba cha Bi Salima kikifungwa.

“Toa,” akasema Mama Zaina.

Nikaitoa. Nyuma yake ubao ulikuwa mkaa. Ukiusugua kwa kidole, kidole kinaingia. Bakeliti ilikuwa imefura mapovu. Kiungo kimoja cha waya kilikuwa kimeyeyuka na kugandamana, na ukuta nyuma yake ulikuwa umepasuka kwa joto. Siku nyingine ningeita nyumba nzima waje kuona, maana fundi hupenda kuonyesha ubaya alioukuta. Ni hotuba yetu. Siku ile niliugeuza ubao uso chini. Amisi alikuja, akaugeuza mwenyewe, akautazama, akaurudisha vilevile.

Nilifanya kazi hadi jioni. Nilivuta waya nene toka nguzo, nikaondoa kamba zote za wapwa na majirani, nikatia tablo ya chuma yenye njia zake, na nikaiweka barazani. Hakuna aliyebisha safari hii. Waya za zamani nilizirundika kwenye ukumbi. Watu wa matanga walikuwa wanapita pembeni yangu kwa kunyata, na hakuna aliyeniambia jambo, hata la hali ya hewa.

Kabla moteri haijawashwa, Mama Zaina alirudi chumbani kwake, na ile shuka ikahamishiwa mlangoni pake. Akasema asifukiziwe ubani. Akafunga mlango, akabaki peke yake. Sisi tukabaki ukumbini: mimi, Amisi, na Bi Salima aliyekuwa amekifunga kijaluba chake ndani ya kanga, amekishika kwa mikono miwili. Nikaisikia moteri ikinguruma kule sentrali. Taa zikaja, nyeupe, zimetulia. Nikawasha resho, nikaweka birika la wageni. Nikachomeka pasi. Vantilateri ikazunguka. Taa hazikushuka hata kidogo. Nilikwenda barazani, nikaweka mgongo wa mkono kwenye tablo, ilikuwa baridi, nikarudi. Hiyo ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya Kasongo, na niliichukia.

Tukangoja. Maji ya kahawa yakachemka. Amisi alikuwa anautazama mlango, midomo inacheza, nadhani alikuwa anaomba. Mimi pia niliomba, kwa dini yangu. Niliomba harufu ije. Fundi mzima, nimemaliza kufunga tablo mpya, namwomba Mungu inuke samaki.

Mlango ukafunguka kidogo, nyuma ya shuka.

“Fundi, umewasha vyote?”

“Vyote, mama.”

“Na resho?”

“Na resho.”

“Mama Zaina,” Amisi akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka. “Iko unasikia?”

Hakujibu. Amisi akanigeukia. Yule mtu mpole, aliyeongea na watu kwa kuwashika bega, alinisogelea mpaka nikarudi nyuma.

“Wewe unajua kuran,” akasema. “Kuran tu! Mambo ya watu unajua nini? Eda haijaisha. Tutangoja. Hakuna atakayegawa kitu mu nyumba hii, tutangoja!”

“Ndiyo, bwana,” nikasema.

“Shangazi,” sauti ikaita toka nyuma ya shuka.

“Ee, mama.”

“Asubuhi mutu aende soko, alete samaki. Wageni wamechoka kula maharagi.”

Bi Salima alifunika uso kwa kanga. Amisi akakaa chini, pale pale sakafuni, mtu mzima na kanzu yake nyeupe, juu ya rundo la waya nilizotakiwa kuzirudisha sentrali kabla ya usiku. Sikumwomba ainuke. Nilizima resho, nikaketi karibu naye.